Akiba ya Mpiga Pasi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo mchana, ghafla, shuka za nyumba ya wageni zikiwa bado kambani. Tulikimbia sote kuzianua, hata Tajiri mwenye udobi na kitambi chake, na bado nusu zililowa upya. Bi Povu, ambaye akifua ulimi wake haupumziki, akasema Mungu ametusuuzia mara ya pili bila malipo. Tulicheka sana. Mwanzoni mwa mvua watu hucheka kirahisi, kwa sababu mifukoni bado mna kitu cha kiangazi.

Mwalimu amesema anayeandika shajara aandike kama anamwandikia mgeni. Haya, mgeni, karibu. Mimi ni mpokezi wa nguo kwenye udobi wa mtaa wetu. Zikiletwa nazihesabu, nazishonea kitambaa chenye namba, natoa risiti, na wenyewe wakija kugomba napokea matusi kwa niaba ya wote. Ndiyo maana wananiita Karani. Huyo Mwalimu ni binti mwenye miwani kutoka shirika linalofundisha watu kuzungumza juu ya pesa bila kuoneana haya. Alinichagua kwenye semina niongoze wenzangu kwa sababu, alisema, siogopi kuuliza. Kweli. Mdomo ninao.

Kuanzia wiki hii, kila Ijumaa baada ya kazi, tutakuwa na kikao.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Baba Watoto hakutoka. Fundi mwashi hana kazi mchanga ukilowa.

Ijumaa, 8 Machi

Kikao cha kwanza, na nimerudi nyumbani nikiwa natembea juu juu kwa furaha.

Tulikaa kuizunguka meza ya pasi kwa kuwa ndiyo yenye joto. Blanketi lililotandikwa juu yake hubaki na moto hadi jioni. Mwalimu alitupa maswali manne: kimeingia nini, kimetoka nini, unadaiwa nini, umeweka nini. Kila mtu anajibu kwa sauti. Hakuna kuchekana, hakuna kushauri mpaka uombwe ushauri. "Mkisema mnachodaiwa," akatuambia, "aibu inapungua nusu palepale."

Alianza Jabali. Huyu ndiye mkamuaji wetu wa mablanketi, mtu wa miraba minne, na mbele za watu hujifanya hana shida duniani. Akaanza kutaja: duka la jirani, kaka yake, fundi wa pikipiki ambayo yeye mwenyewe alishaiuza. Alipomaliza jasho lilikuwa linamtiririka. "Haya sijawahi kumwambia hata mke wangu," alisema, na Bi Povu akamshika bega. Nusura nilie. Nilijiambia, kumbe hii ndiyo kazi niliyoumbiwa.

Bi Povu akafuata, akasema madeni yake yote na ya majirani zake juu. Nami nikasema yangu: kodi ya nyumba, mwezi mmoja nyuma.

Ikabaki zamu ya Shangazi. Si shangazi wa mtu hapa. Ni mpiga pasi, mkubwa kwetu sote, mtu wa maneno machache, na jina hilo limemganda tu. Akasema, "Mimi sina la kusema."

"Shangazi," nikamwambia, "wenzako tumeshavua wote, wewe umebaki na koti. Hiyo si haki."

Wakacheka, naye akatabasamu kidogo. Akaitazama pasi yake, halafu akataja alichoweka benki.

Kilikuwa kikubwa kuliko mshahara wa yeyote kati yetu kwa mwaka mzima. Jabali akapiga mluzi. Mwalimu akapiga makofi, nasi tukampigia. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote.

Jumamosi, 9 Machi

Shangazi amenivuta nyuma ya matangi ya maji.

"Karani, mwanangu, ile pesa niliyoitaja jana. Nakwambia wewe peke yako kwa sababu ni mwanamke na umezaa. Nina uvimbe kwenye kizazi. Navuja damu tangu mwaka juzi. Daktari amesema ukitolewa sasa nitapona, ukiachwa hajui. Nimepangiwa wiki ya mwisho ya Aprili, na wanataka malipo yote kabla sijapanda kitanda chao."

Nikamuuliza kwa nini hakusema jana.

Alinitazama kana kwamba nimemwomba avue gauni barabarani. "Mbele ya Jabali? Pesa umenitoa mdomoni, sawa, yameisha. Hili lisikutoke."

Nimeapa. Na niseme kweli, nilifurahi pia. Mtu ana shida, amejibana miaka, ana akiba, ana tarehe. Mwalimu anafundisha nini zaidi ya hapo?

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Nguo za Jumatatu bado mbichi na zimeanza kunuka.

Ijumaa, 15 Machi

Hapa tunalipwa kwa kipande, na kipande kinahesabiwa kikitoka kikavu na kimepigwa pasi. Jua lisipotoka hakuna kipande. Wiki hii tumepata nusu ya kawaida.

Hata hivyo kikao kilikuwa kitamu. Jabali amemweleza mkewe madeni yote. Mke alilia, akanuna siku nzima, kisha wakakaa pamoja kupanga. Alivyokuwa anasimulia, alionekana mdogo kwa miaka kumi. Nikamwona Mwalimu anaandika haraka haraka.

Jumanne, 19 Machi

Bi Povu amekopa kwa Shangazi, karo ya binti yake. Kanieleza mwenyewe, bila kificho.

"Zamani ningemzungukazunguka wiki nzima nikimpeleleza kama anacho," alisema. "Sasa najua anacho, nimekwenda moja kwa moja. Huu uwazi wenu una faida, Karani."

Tumecheka. Kiasi chenyewe si kikubwa, na ameahidi mwisho wa mwezi.

Ijumaa, 29 Machi

Mwisho wa mwezi umefika. Bi Povu hana.

Jabali naye amekopa. Upepo umechukua mabati mawili ya nyumba yake na mtoto analala chini ya meza. Kwa shida kama ile nani angemnyima? Shangazi alikwenda benki wakati wa chakula cha mchana, akarudi amelowa chapachapa, akampa.

Jumatano, 3 Aprili

Leo nimeona kioja. Tajiri, mwenye udobi, mwenye gari, amekuja kwenye meza ya pasi akiwa ameshika kofia mkononi kama mwombaji.

"Shangazi," alisema, "wateja wanakimbia. Nataka ninunue mkaa wa kutosha tukaushie ndani. Nimesikia wewe mambo yako si mabaya. Nisaidie, nguo zikitoka tu nakurudishia na juu yake nakuongezea."

Nani alimwambia? Nikamtazama Bi Povu. Bi Povu akaitazama ndoo.

Mpiga pasi anamkopesha mwajiri wake ili mwajiri apate cha kumlipia mpiga pasi. Ningeambiwa hadithi hii na mtu mwingine ningecheka mpaka mbavu ziume. Shangazi aliweka pasi pembeni, akajipangusa jasho, akasema, "Kesho, Tajiri."

Alhamisi, 4 Aprili

Nimemfuata Shangazi wakati anachanganya wanga wa kola. Nikamwambia anapoteza akili, tarehe imekaribia, kwa nini hawezi kuwaambia hana?

Hakukasirika. Nilitamani angekasirika.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Miaka yote hii watu walikuwa wakija kwangu. Unafikiri hawakuwa wakija? Nikawa nawaambia sina. Walijua huenda ninacho, nami nilijua wanajua. Lakini nikishasema sina, mtu anaitikia pole, tunaongea mambo mengine, anakwenda zake. Hakuna aliyeumia. Ule ndio ulikuwa mlango wangu, na wewe umeung'oa. Sasa nikisema sina, nimekuwa mwongo mbele ya watu walionipigia makofi. Na nikisema ninacho lakini sitoi, nitakaa vipi na Jabali hapa, mtoto wake akilala chini ya meza?"

"Basi waambie ugonjwa."

"Niwaambie navuja?" Akakoroga wanga wake. "Heri nivuje."

Nikarudi dirishani kwangu kushona namba. 

Ijumaa, 5 Aprili

Nimejaribu. Kwenye kikao nikapendekeza tuweke sheria: akiba ya mtu ikitajwa mezani, haiombwi. Nikajikaza kisabuni, nikaeleza vizuri, bila kumtaja mtu.

Bi Povu akanirukia. "Ngoja kwanza. Ulituvua nguo hapa ili tujuane shida. Sasa tumejuana. Tujue mwenzetu anacho, tujue mwingine hana, halafu tukae tukitazamana? Huo uwazi wa sinema?"

Jabali akaunga mkono, kwa upole, akiwa ameinamisha kichwa. Alisema yeye angekuwa nacho angetoa. Ninamwamini, na hilo ndilo baya lenyewe.

Nikamtazama Shangazi aniunge mkono. Alikuwa anakunja foronya, kona kwa kona.

Baadaye nikampigia Mwalimu simu. Alinisikiliza vizuri. Akasema huyo mama anahitaji kujifunza kusema hapana bila kujisikia vibaya, na kwamba somo hilo lipo, zuri sana, lina hata igizo. Ni la mwezi wa tano.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua. Mkaa wa Tajiri umetia masizi shuka za nyumba ya wageni. Zimefuliwa upya bila malipo. Nimetukanwa na mhudumu wao, kisha na meneja wao, kisha na Tajiri.

Jumatatu, 15 Aprili

Mwenye nyumba amekuja kwangu na kufuli mpya. Hakutugombeza, aliiweka tu juu ya meza, ikiwa bado ndani ya karatasi yake, akasema Alhamisi jioni ataifunga mlangoni tukiwa ndani au nje.  Tangu Machi Baba Watoto amepata kazi ya siku tatu. Anakaa dirishani akiitazama mvua kama mtu anayesubiri kuombwa radhi.

Nimekwenda kwa shemeji, kaka yake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Dukani mlikuwa na wateja wanne. Nilisubiri wamalize.

"Sina, shemeji," alisema. "Biashara imekufa kabisa."

Akaniagizia chai. Tukaongea habari za watoto. Nilipotoka nilimwamini na sikumwamini, na sikuwa na kinyongo naye hata kidogo. Niko nusu ya njia ndipo nikafahamu kwa nini.

Alhamisi, 18 Aprili

Nataka kuandika leo polepole.

Asubuhi nilijiambia siendi. Nilipokea nguo, nikashona namba. Saa za chai nikajiambia siendi. Mwanangu mdogo ana kikohozi na nje mvua ilikuwa inapiga mabati hata hatusikilizani. Nikawa namwona na hicho kikohozi, amekaa juu ya godoro barazani kwa watu, na kufuli mlangoni kwetu.

Jabali alikopa bila kujua. Bi Povu alikopa bila kujua. Tajiri naye, pamoja na ubaya wake, hakujua. Mimi nilijua. Nilijua pesa ile ni ya nini, nilijua tarehe, nilijua hata rangi ya kitambaa anachojifunga kiunoni asichafue gauni, kwa sababu ndimi ninayemfichia ndoo ya kukilowekea. Na bado, baada ya kazi, wengine walipokwisha kutoka, nilikwenda nikasimama mbele ya meza ya pasi.

Nilifungua mdomo, huu mdomo wangu ambao hauogopi kuuliza, na haukutoa kitu.

Shangazi alikuwa anapiga shati la mwisho. Akamaliza mkono mmoja, akageuza mwingine. Akasema, "Ni kodi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Bei gani?"

Nikataja. Akachomoa waya wa pasi ukutani, akaukunja. Nikaanza kusema kwamba nitarudisha kabla ya tarehe, Baba Watoto ameahidiwa kazi, kwamba naapa.

"Usiape," alisema. "Umeshaapa mara moja, inatosha."

Tukaenda pamoja hadi mashine ya benki, chini ya mwavuli wake mmoja. Alinipa zile noti bila kuzitazama. Kisha akasema jambo ambalo sitalisahau, na alilisema kama mtu anayetoa habari za hali ya hewa: kwamba tangu alipokopa Jabali, hata kabla ya Tajiri, haikuwa inatosha tena, kwa hiyo nisijilaumu sana.

Nilitaka nifurahi kusikia hivyo. Mwenye nyumba amechukua pesa yake na kufuli yake. Mtoto amelala kwenye kitanda chake. Nimekaa hapa na sijisikii mtu.

Ijumaa, 19 Aprili

Kwenye kikao, nilipoulizwa nadaiwa nini, nikasema: "Nadaiwa na Shangazi." Bi Povu akasema, "Karibu kwenye chama." Wakacheka wote.

Jumatatu, 29 Aprili

Wiki yenyewe imepita. Shangazi alikwenda hospitali na kile kilichobaki, akawaomba wapokee nusu. Karani wa pale, mwenzangu kwa cheo, alimwambia arudi kikikamilika. Nafasi nyingine ni mwezi wa sita. Alirudi kazini siku ileile akasimama mezani mpaka jioni.

Nikamuuliza anajisikiaje. Alisema pasi leo inavuta, haitelezi.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua haijakatika. Sasa nimeanza kuona kitu ambacho Mwalimu hakutufundisha, au labda hakijui.

Leo tulizunguka meza kama kawaida. Bi Povu: nadaiwa na Shangazi. Jabali: nadaiwa na Shangazi. Mimi: nadaiwa na Shangazi. Hata Tajiri alichungulia mlangoni, akasema kwa utani, "Na mimi msinisahau, nadaiwa na Shangazi!" Tukasema kwa sauti safi, bila kigugumizi. Kisha tukaaga na kwenda nyumbani tukiwa wepesi, kana kwamba tumelipa.

Aibu inapungua nusu, alisema. Ni kweli. Wiki ya pili inapungua nusu ya ile nusu. Ikifika wiki ya tano huna aibu yoyote, una sentensi tu, unaitoa na kuirudisha mfukoni. Zamani mwenye deni alikuwa akikuona mbali anavuka barabara. Alivuka kwa sababu lilikuwa linamuuma, na kwa sababu linamuuma siku moja angelipa. Sisi tunakaa meza moja na anayetudai roho yake, tunamkaribisha karanga.

Ijumaa, 10 Mei

Mwalimu amekuja na lile somo lake la kusema hapana. Kulikuwa na igizo. Jabali aliigiza mkopaji, Shangazi akatakiwa amkatalie. Akasema "hapana" vizuri kabisa, kwa sauti, na wote tukampigia makofi.

Ijumaa, 17 Mei

Saa nne hivi nilisikia harufu ya kitambaa kuungua. Nikapiga kelele kutoka dirishani pangu, "Shangazi, pasi!" Hakujibu. Nikadhani ametoka. Nilipofika, pasi ilikuwa imelala kifudifudi juu ya shati jeupe na moshi unapanda, na yeye yuko chini ya meza, ameegemea mguu wa meza hiyo, macho wazi. Sakafu ilikuwa imejaa damu. Alikuwa anajaribu kuifuta kwa foronya ya mteja.

"Usimwite Jabali," alisema.

Nilimwita Jabali. Nani mwingine angeweza kumbeba? Alimwinua kama shuka, akatoka naye mbio mvuani mpaka kwenye gari la Tajiri, na alikuwa analia kwa sauti, lile jitu lote. Garini alikuwa ananiuliza tu, "Ana nini? Karani, ana nini?"

Nikawaambia. Jabali, Tajiri aliyekuwa anaendesha, na Bi Povu aliyejipakia kwa nguvu. Nikawaambia uvimbe, nikawaambia tarehe, nikawaambia pesa ile ilikuwa ya nini. Shangazi alikuwa na kichwa mapajani kwangu, anasikia yote. Alifumba macho tu.

Tajiri aliendesha huku amebana honi mpaka hospitali. Halafu Bi Povu, wakati machela inaingizwa, akanishika kanga kifuani. "Ulijua," alisema. "Ulijua ukanyamaza, na wewe ukakopa."

Jumamosi, 18 Mei

Wanataka damu. Jabali ametoa, Baba Watoto ametoa. Yangu haikufaa.

Jumapili, 19 Mei

Amefariki alfajiri. Daktari alisema mwili haukuwa na damu ya kutosha kuweza kukatwa. Alisema, kwa adabu, kama angeletwa mwezi uliopita. Hakumaliza sentensi na sikumwomba aimalize.

Jumatatu, 20 Mei

Niandike nilichokiona, kwa sababu nisipokiandika leo nitakuja kujidanganya.

Asubuhi Tajiri alifunga udobi. Jabali akatoa lile kapu kubwa la nguo za wateja, akaliweka juu ya meza ya pasi, ili anayetaka kuchangia maziko atie chochote. Wa kwanza alikuwa Bi Povu. Alitia ile karo, yote, kiasi kilekile. Sikumuuliza ameipata wapi. Jabali akatia zaidi ya bei ya mabati yake. Tajiri alibeba gharama ya jeneza na ya gari juu ya hayo. Nyumba ya wageni wakaleta bahasha. Wateja walioambiwa wakaja, hata yule aliyegombana nami kwa ajili ya masizi. Muuza mkaa, mwenye duka, mwenye nyumba wangu mwenyewe. Watu walikuwa wanapanga foleni mvuani.

Nami nilikwenda kwa shemeji. Sikukaa, sikunywa chai. Nilisema, "Shemeji, kuna msiba," na kabla sijataja kiasi alikuwa ameshafungua droo.

Jioni wakaniambia Karani ndiye ahesabu. Nilipanga noti juu ya lile blanketi lililoungua. Nikahesabu, nikarudia, kwa sababu nilidhani nimekosea. Tumekusanya bei ya upasuaji ule, na ikabaki. Kwa siku moja, katikati ya mvua, kutoka kwa watu walewale ambao tangu Machi wote walikuwa hawana.

Nilitaja jumla kwa sauti. Watu wakasema alhamdulillahi, wengine wakasema amina, wakapongezana. Bi Povu akaja kunikumbatia na mimi nikamkumbatia.  

Jumanne, 21 Mei

Tumemzika. Kaburi lilikuwa linajaa maji, Jabali akashuka kuyachota kwa ndoo ya udobi.

Ijumaa, 24 Mei

Jua limetoka tangu juzi. Kamba zote zimejaa, shuka zinakauka kabla ya chai. Tajiri ameajiri mpiga pasi mwingine, msichana mwenye haraka.

Baada ya kazi tulikaa, si kikao cha Mwalimu, ila kulikuwa na ziada ya maziko na lazima tukubaliane. Nikiri kwamba hatujawahi kuzungumza juu ya pesa vizuri kama leo. Kila mtu alisema wazi anachofikiri, hakuna kuzungukana, hakuna aliyeona haya. Tukaafikiana: kaburi liwekwe vigae vyeupe, na jina lichorwe.

Mdogo wake Shangazi alikuwepo. Ni mwanamke anayefanana naye mikono. Alisafiri siku mbili na alifika tumeshazika. Alisubiri mpaka tumalize habari ya vigae, akainua mkono kidogo kama mwanafunzi.

"Samahanini," alisema. "Dada aliniambia kwa simu alikuwa na pesa yake ya matibabu. Alisema imetimia. Sijui kama kuna mwenye kufahamu iko wapi. Siulizi kwa ubaya."

 Jabali alitazama mikono yake. Bi Povu alinitazama mimi, wote wakanitazama mimi.

"Iliisha, mdogo wangu," nikasema. "Aliitumia kidogo kidogo. Si unajua mvua hizi."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akatushukuru mmoja mmoja, kwa mikono miwili. Alisema alikuja akiwa na hofu kwamba dada yake alikufa peke yake mji wa watu, lakini sasa moyo wake umetulia, kwa sababu ameona kwa macho yake kwamba alikuwa na watu.

Tulimsindikiza hadi kituoni. Jabali alimbebea mzigo.